Bidoni ya Mbegu Chini ya Kitanda

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3, mwezi wa pili
Napepeta maharagi tangu asubuhi. Vidudu tena. Vinatoboa punje, vinaacha unga. Na hii ndiyo mbegu yangu yote. Mwezi ujao likelemba yetu ya kulimiana kwa zamu iko kwangu, bamama wote watakuja kunipandia shamba. Wakikuta mbegu haiko, zamu inapita. Haya itaniua.

Siku ya pili, tarehe 4
Binti yangu Riziki. Wa kwanza darasani. Naandika tena: wa kwanza. Ameosha bidoni ya plastiki ya mawese, akaikausha, akajaza maharagi mpaka shingoni, akakaza kifuniko na mupira wa baisikeli. Mule pumuzi haiko, vidudu vitakufa. Akanikataza: “Mama, usifungue mpaka siku ya kupanda.”
Baraka yote, nani iko na mutoto kama wangu?

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 8
Nimemwita jirani, Mama Neema, aone. Nilifungua kidogo tu. Vidudu vimelegea kama walevi. Tumecheka sana.

Siku ya yenga, tarehe 9
Kutoka kanisani nimefungua tena. Bamama walijaa chumbani. Mama Neema anasema Riziki ni munganga wa kuua wagonjwa wake. Mi nikasema ndiyo, na bado atafika mbali.

Siku ya ine, tarehe 13
Mubaya. Vidudu viko hai, vinatembea kuliko mwanzo. Riziki ameuliza nani alifungua. Nikasema upepo. Upepo, kufungua mupira wa baisikeli! Akasema: “Mama, kila ukionyesha watu, unavipatia pumuzi.”
Roho imeniuma. Tumechambua punje moja moja. Zile nzima zimeingia bidoni ndogo. Ndogo! Akaikaza, akaisukuma chini ya kitanda changu.

Siku ya pili ya juma, tarehe 25
Bamama wanaomba kuona. Nakataa. Kunyamaza juu ya mutoto kama huyu kunachokesha kuliko jembe.

Siku ya tano, tarehe 7, mwezi wa tatu
Zamu yangu! Riziki amefungua mbele ya wote. Vidudu vyote vimekufa, vimekauka kama majani ya chai. Mbegu safi! Tumepanda karibu shamba lote. Kona moja tutaweka mihogo. Bamama waliimba jina la Riziki mpaka barabarani. Mi nilichimba tu. Mama Neema akauliza kama niko mugonjwa.

Siku ya yenga, tarehe 9
Mvua imenyesha vizuri. Riziki ameosha bidoni, ameigeuza kwenye baraza ikauke. Nimekaa karibu yake. Sikuita muntu.