Niliweka Vema Kila Kisanduku, Sasa Mgeni Anakuja

Arusha, Jumatano 14 Juni 2006

Shangazi Kandida, shikamoo. Nina shida kubwa na ninaahidi kusema kila kitu, hata yanayonitia aibu, kwa sababu nimeona katika safu hii kwamba wanaokuficha mambo unawagundua na kuwasema zaidi.

Jina langu ni Twahira, nipo kidato cha tatu, naishi Terrat na mama yangu, na anayenisomesha ni Mjomba Najim, ambaye kazi yake ni kukodisha maturubai na viti vya plastiki kwenye harusi na misiba, na kazi hiyo anaiweza, ila mwaka huu aliona watalii wakipelekwa Momela kulala kwenye mahema, akarudi nyumbani amebadilika, akasema, "Kumbe wazungu wanalala kwenye maturubai! Maturubai mimi si ninayo?" na siku hiyo hiyo akawa mkurugenzi wa kampuni ya utalii.

Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayejua kompyuta, maana dada Kajal, ambaye familia yao ina duka la vifaa vya ofisi mjini, hunifundisha Jumamosi, na dukani kwao kuna programu ya matangazo inayotengeneza tovuti ndogo, yaani kurasa chache tu za kutangaza ofa moja, unachagua picha, unajaza maelezo kwa Kiingereza, unabonyeza kuchapisha na dunia nzima inaona. Tukaiita Kambi ya Kifahari ya Najim, Ofa ya Julai, ingawa kambi yenyewe ni shamba lake la Kikwe ambalo bado lina mahindi. Picha tulichukua zilizomo kwenye programu, na moja ina bahari nyuma ya hema, lakini mjomba akasema hilo ni ziwa.

Kosa langu ni hili. Programu ilileta visanduku vya huduma, bwawa la kuogelea, daktari usiku na mchana, njia za viti vya magurudumu, uwanja wa helikopta, na mimi shuleni nimefundishwa kwamba kwenye mtihani hakuna kuacha nafasi wazi, hata kama hujui jaza, basi nikaweka alama ya vema kwenye vyote. Nilimuuliza mjomba kwa adabu kama kweli tuna uwanja wa helikopta. "Shamba lote lile," akasema, "ikitaka kutua nani ataizuia?" Dada Kajal alicheka mpaka akashika kaunta: "Twahira wewe! Mjomba wako baiskeli tu inamshinda!" Lakini akaniambia nimepanga kurasa vizuri kuliko watu wazima, na kwamba likizo atanichukua nimsaidie kutengenezea wateja tovuti, nami kwa furaha nikabonyeza kuchapisha.

Sasa ameandika bibi mmoja wa Denmark anayeitwa Ulla, mwalimu mstaafu, anatumia kiti cha magurudumu, anasema ametafuta kwa miaka kambi inayoweza kumpokea mtu kama yeye, akatukuta sisi, akalia, kisha akakata tiketi ya ndege. Anafika mwanzoni mwa Julai. Anauliza upana wa mlango wa hema, na kama daktari anakuwepo jioni kwa ajili ya sindano yake.

Nilimsomea mjomba. Akasema, "Mwandikie mlango ni mpana kuliko wa ukumbi wa harusi. Turubai halina kuta, kila upande ni mlango! Hapo uongo uko wapi?"

"Na daktari, mjomba?"

"Si yupo Dismasi?"

Shangazi, Dismasi ni bwana mifugo. Mama naye anasema nisimwaibishe kaka yake, nimalize shule kwanza ndipo niwe mkweli. Barua pepe zote zinakuja kwangu, kwa kuwa kwenye kisanduku cha mkuu wa mapokezi niliandika jina langu, na Bibi Ulla anasubiri. Tafadhali nijibu katika toleo la wiki hii: nimwandikie mlango wetu una upana gani?

*

Marahaba, Twahira. Barua yako tumeisoma kwa sauti hapa ofisini, na mwenzangu mmoja ameuliza kama rubani wa helikopta naye atapewa pilau. Basi, tumecheka. Sasa tunyamaze, maana kuna mtu anafungasha mizigo.

Binti yangu, tangazo si mtihani. Kwenye mtihani ukijaza usichokijua unapoteza alama zako mwenyewe. Hapa anayepoteza ni bibi aliyekuamini, amekwama kwenye tope la Kikwe katikati ya mahindi, sindano mkononi, huku Dismasi akitafuta pembe za kumshikia.

Mjomba alisema, nimesikia. Kidole kilichobonyeza ni chako. Hata hivyo nakuhurumia, kwa sababu anayesomeshwa hana ulimi mrefu mbele ya anayemsomesha, na mama yako anataka ukweli usubiri cheti. Amekosea. Huyo Kajal naye asijifiche nyuma ya kicheko: alijua, akasifu mpangilio.

Leo hii iondoe tovuti. Kama programu ina pa kuchapisha, ina na pa kuondoa; Kajal akuonyeshe. Kisha mwandikie Bibi Ulla. Usipambe, na usiseme "kwa sasa hatuna". Mwombe radhi, mwambie asipande ndege kwa ajili yenu. Halafu pigia simu kambi za kweli, uliza milango yao, na anayekujibu aende akapime kwanza, asikukadirie. Ukipata, mpe bibi jina. Usipopata, mwambie hujapata.

Mjomba mwambie baadaye, mbele ya mama, ukiwa umeshatuma. Atafoka. Muache afoke. Akigusa habari ya shule, mama yako aje hapa kwangu, nitampa maneno ya kumpelekea kaka yake.

Na wewe Bwana Najim: watu wanaoana na kuzikwa chini ya maturubai yako, hiyo ni kazi ya heshima. Tangaza hiyo. Ukitaka ukurasa, mlipe Twahira kama unavyomlipa fundi, na umsikilize akikuuliza "kweli tunacho?"

Umeniuliza mlango una upana gani, Twahira. Mlango haupo. Mwandikie hivyo, kwa Kiingereza kile kile kizuri ulichomwitia, na utume kabla hujafika mwisho wa gazeti hili.