Uvimbe Uliojiunganishia Damu

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumanne, 4 Machi

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Mgongo umeachia? Mama Mdogo na mapacha hawajambo? Huku tu wazima, isipokuwa mmoja, na ndiye aliyenikalisha kuandika. Sikupigi simu kwa sababu humu ndani neno likisemwa sebuleni husikika mpaka bafuni.

Baba anakojoa damu. Alituficha, akawa anasugua choo mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kuosha hata kikombe. Hapo ndipo Mama alipomshtukia.

Hospitalini wamemkwangua uvimbe kwenye kibofu na kuupima. Daktari alituonyesha picha yake: mishipa midogo ya damu imejaa tele, kama nyuzi za sweta lililofumuka. Alisema uvimbe umejiotesha mishipa hiyo ili ujilishe. Baba, na unajua alivyostaafu kazi ya kukatia watu maji ya wizi, akadakia, "Kumbe umejiunganishia bila mita! Basi kateni bomba, nyumba muiache."

Tulicheka, daktari hakucheka. Alisema wingi wa mishipa peke yake si hukumu, ila ni dalili ya uvimbe wenye pupa, na huu umekwisha kuingia kwenye msuli. Kukata bomba tu hakutoshi. Kibofu kitolewe, mkojo utokee tumboni, kwenye mfuko.

Baba amekataa katakata. Eti bora afe mzima, mwenye mfuko kiunoni si mwanamume tena. Mama analia jikoni. Mimi nimegombana na Baba mpaka jirani akafunga dirisha. Sikio la kufa halisikii dawa, na Ijumaa ya wiki ijayo daktari anataka jibu. Naogopa, Baba Mdogo.

Hapa wote wanaamini ulipasuliwa ngiri tu. Nilikuuguza mimi, nikakubadilishia mfuko wako wa tumboni kwa mikono hii, nikaapa sitasema, na sijasema. Mwaka juzi ulilala na Baba chumba kimoja wiki nzima, mkibishana mpira, naye hakugundua kuwa unao.

Mpigie umwambie mwenyewe. Ukinyamaza mpaka Alhamisi ya kuamkia Ijumaa hiyo, nitasema mimi.

Nisalimie Mama Mdogo, na mapacha uwavute masikio kwa niaba yangu. Mungu akupe afya, na ulimi mwepesi.

Kwa siri yako nitakuomba radhi. Baba mwingine sina pa kumwomba.

Wako akupendaye,
Binti wa kaka yako