Jicho la Kushoto

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mke mwenzangu Fosia amerudi kutoka Nairobi. Macho yote mawili yameshafanywa. Mtoto wa jicho katolewa kulia na kushoto, na ndani kawekewa lenzi za kuona kote – mbali, karibu na katikati. Hana miwani. Amefika, akavua buibui, akaketi mkekani, akachukua sindano na kutunga uzi. Mara moja! Nyumba nzima ikasema maashaAllah. Mimi nilisema wa kwanza, tena kwa sauti.

Mimi nilifanyiwa jicho la kulia mwezi wa nne, hapa hapa Garissa. Lenzi yangu ni ya kawaida, ya umbali mmoja. Mbali naona vizuri. Nikiwa uani nasoma namba za lori lililoko barabarani. Lakini kitu kikiwa mkononi, lazima miwani, na miwani yangu ina tabia ya kupotea ikitakiwa. Jicho la kushoto bado lina ukungu wake, linangoja zamu.

Hadi jana nilikuwa na shukrani. Leo sina.

Alhamisi, 4 Septemba

Jama, mume wetu, ni dalali wa mifugo. Alama za ngamia za koo zote anazijua, kuanzia Kotile hadi Eldas, ila herufi hakuwahi kuzijali. Wanunuzi wake wa Thika na Mombasa humwandikia kwa Kiswahili. Tangu simu za mkononi ziingie mji huu, msomaji wake ni mimi. Hicho ndicho kilikuwa changu. Fosia ana mtoto wa kiume, ana duka la vitambaa, ana mkono wa mapishi. Mimi nilikuwa na ile simu ikinyooshwa kwangu kila asubuhi baada ya chai: Mwalimu, anasemaje?

Leo simu imelia. Nikapapasa miwani – kichwani haipo, mfukoni haipo. Jama akangoja, kama mtu anayengoja lori litoke matopeni. Kisha akamnyooshea Fosia.

Na Fosia akasoma. Polepole, akikwama kwenye maneno marefu, lakini akafika mwisho. Mnunuzi wa Thika anataka mbuzi siku ya mnada, Jumatano. Jama akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakuona kwamba kuna kitu kimehama mkono.

Nani alimfundisha kusoma? Mimi! Alipoletwa kutoka Eldas hakuweza kusoma hata jina lake. Nikamchorea herufi mchangani kwa alama za ngamia wa kwao. Hii ya baba yako, nikamwambia, ukiisimamisha ni L. Hii ya wajomba zako ni T. Alicheka, akazishika upesi kuliko mtoto yeyote wa darasa langu. Neno likimshinda nilimnong'oneza sikioni, naye akalitamka kwa sauti kana kwamba kalisoma mwenyewe. Asante ya punda.

Miwani nimeikuta kwenye kikapu cha vitunguu. Sitaki kuanza kushuku watu.

Jumapili, 7 Septemba

Guleid, mwana wa Fosia, amepiga simu kutoka ng'ambo. Anasema jicho langu la kushoto atalilipia yeye. Mama mkubwa, chagua lenzi unayoitaka, hata iwe kama za mama.

Nikamshukuru, nikamwombea dua. Kisha nikaingia jikoni nikalia. Fosia akaja kuuliza nina nini. Nikasema moshi. Tunapikia gesi.

Daftari hili lilikuwa linalala wazi mezani. Mwandiko wangu ni mdogo, na humu ndani hakuna mwingine aliyeweza kuusoma. Sasa nalilaza chini ya godoro.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya mnada. Jama hajarudi. Baada ya Maghrib nimepita dukani kwa Fosia kununua kitambaa cha shuka. Alikuwa ameshafunga, amesimama kando ya barabara, havuki. Bodaboda zinapita, zinaisha, yeye kasimama tu.

Aliponiona alinishika mkono – kwa nguvu. Abaayo, dada yangu, nivushe.

Tulipofika ng'ambo ndipo akasema. Jua likizama, kila taa inavaa pete. Bodaboda moja inakuja na duara kubwa la mwanga, zikija tatu hajui ipi iko karibu. Nairobi walimwambia huenda akazoea, naye anangoja azoee. Jama hajui. Guleid ndiyo kabisa asijue, ataona pesa zake zimepotea. Usiwaambie, wallahi, usiwaambie.

Nikamwambia sitasema. Na sitasema. Lakini nilitembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi kama msichana. Mungu anisamehe, taa za barabara zote nilizihesabu kuwa zangu, ndogo na safi, hazina pete hata moja.

Ijumaa, 12 Septemba

Wepesi umeisha. Asubuhi imefika, na asubuhi ni ya Fosia.

Nimetulinganisha siku nzima, kimoyomoyo. Maandishi ya pakiti ya majani ya chai: yeye anasoma, mimi sisomi. Kuchambua mchele: yeye. Mbuzi wa jirani kwenye ua wa mbali: mimi. Umeme ulipofifia jioni, yeye aliishika pakiti ile ile, akaisogeza, akaigeuza, akaiweka chini. Mimi na miwani yangu tungeisoma.

Sasa nani kashinda? Ukiwauliza wenye akili watasema kila mtu na lake. Lakini Jama hapokei ujumbe jioni. Anapokea asubuhi.

Jumanne, 16 Septemba

Kwa daktari wa macho, pamoja na Jama. Jama alianza yeye, kwa Kiswahili chake: "Daktari, mama hii ni mwalimu, yeye nasoma sana. Wewe weka ile ya kuona bote."

Daktari akalipima jicho kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi. Sukari yangu imeacha makovu nyuma ya jicho. Lenzi ya kuona kote huugawa mwanga, huku kidogo, huku kidogo, na jicho hili linahitaji mwanga wake wote. Akishauri, atashauri ya kawaida, ilingane na ya kulia. Na miwani, mama. Miwani si aibu.

Nikamwambia mke mwenzangu anazo na anasoma. Akasema macho ya mwenzako si yako. Kana kwamba silijui hilo! Nifikirie hadi Alhamisi.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika kwenye benchi la kliniki. Wamenitia dawa ya kupanua mboni. Miwani haisaidii kitu, mstari siuoni, naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jama yuko kulia kwangu, Fosia kushoto. Sasa hivi simu ya Jama imelia. Akainyoosha juu ya magoti yangu, akampa Fosia. Juu ya magoti yangu!

Fosia akaitazama. Midomo yake ilikuwa inacheza, najua alikuwa anasoma. Kisha akasema mwanga wa hapa unamuumiza, mpe mwalimu. Nikajikuta nina simu mkononi, nyeupe tupu. Yeye akainama kama anayenitengenezea shela, akaninong'oneza. Neno. Neno jingine. Nami nikayasema kwa sauti, moja baada ya jingine: ng'ombe wa Kotile wamefika salama.

Jama akasema, mwalimu ni mwalimu. Alifurahi kweli.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Fosia kwa wema ule.

Muuguzi ametoa kichwa: Bi Maka, aliye ndani akitoka, ingia. Fosia amenishika mkono. Ananiambia polepole, Jama asisikie: Abaayo, mimi huu mwanga sijauzoea, na sidhani nitauzoea. Chukua ya kawaida. Ukiwekewa kama zangu, nani atanivusha?

Mgonjwa ametoka. Mlango uko wazi. Ukutani naiona ile chati ya herufi, hata L naisoma nikiwa hapa kwenye benchi, kwa jicho langu la kawaida. Mwenye macho haambiwi tazama. Mkono wa Fosia bado uko juu ya wangu, na bado nataka kama zake.