Kinguzo cha Pompe

Jumatatu, 5 Februari 2024
Ijulikane rasmi: leo asubuhi kinguzo kimoja cha shaba, kidogo kuliko jino, kimeacha kazi ndani ya kisanduku cha pompe, ile inayovuta maji shimoni mwetu. Si kwa hiari yake. Mudogo wangu Mechack alifungua kisanduku, akakiona kinang'aa, akakipiga nyundo. Desturi ya wachimbaji wa Kolwezi – kinachong'aa kinapigwa kwanza.
"Yaya, nilikuwa nataka tu kujua kama ni shaba." Yaya ni mimi, mkubwa wake.
Ni shaba. Sasa tunajua.

Jumanne, 6 Februari
Kazi ya kinguzo ni kushika kadi ya elektroniki mbali na bati la kisanduku. Kadi ikigusa bati, pompe inakufa. Imekufa. Kiwandani walikisukuma ndani ya bati kwa mashine, kikauma humo maisha yake yote. Kikitoka, tundu limepanuka, hakirudi. Nimejaribu kukigandisha kwa kole. Nimejaribu kukichomelea kwa soudure. Mvua tangu mchana. Shimoni, maji yamefunika mahali Mechack anaposimama kuchimba.

Jumatano, 7 Februari
Mama Ngalula, mwenye parcelle tunamochimba, amekuja na mwavuli. Hakufoka. Afadhali angefoka. Jumamosi akikuta maji bado, shimo anapatia ekipe ya wachimbaji wa Dilolo. Na nyumba ya marehemu mama kule Tenke tuliiuza tuchimbe hapa.
"Mama, yaya ni fundi," Mechack akasema.
"Wa radio," akajibu.

Alhamisi, 8 Februari
Mvua. Hakuna kitu.

Ijumaa, 9 Februari
Nimekata kipande cha bic, kalamu yangu pekee, urefu sawa na kinguzo. Skrubu katikati, nati nyuma. Kadi imesimama – mbali na bati! Mechack akawasha huku amefumba macho. Pompe ikakohoa, ikatema matope, kisha maji. Karibu nilie.
Naandika kwa penseli.

Jumamosi, 10 Februari
Pompe inavuta tangu alfajiri. Maji yako palepale.
Badibanga, wa shimo la jirani, amekaa juu ya ndoo anakula muhogo. Pompe yao sijawahi kuisikia, hawana.
"Yaya, aksanti sana," ananiambia. "Kwetu kunakauka muzuri."
Nilidhani ananitania. Mechack akashuka kwa kamba mpaka maji yalipo, akapapasa ukuta. Amepanda, anafuta mikono kwenye suruali, haniangalii. Mwavuli wa Mama Ngalula uko mlangoni pa parcelle.
Shimo letu na lao yamegusana chini, maji yao yanaingia kwetu. Letu ndilo refu.