Mavuno ya Ghorofa ya Tisa

Jumanne, Oktoba

Bado nacheka peke yangu kama mwehu! Bibi Ingrid, yule mzee wa Norwei ninayemhudumia, ana siku tatu hataki kula, na leo tena alisukuma sahani. Nikatazama majani yakipukutika nje, nikasema msimu huu siupendi, kila kitu kinakufa.

Akanikemea! "Kwetu unaitwa høst. Zamani neno hilo lilikuwa la mavuno, baadaye ndipo likawa jina la msimu. Wewe umevuna nini?"

Nikaiondoa sahani huku nikijiuliza. Mimi wa ghorofa ya tisa hapa Weston, ughaibuni, nivune nini?

Nilipofika nyumbani nikakumbuka ndoo ya matembele pale kwenye roshani. Tangu Juni nachuma majani tu. Nikaipindua. Viazi vitano! Kilicho kikubwa kuliko vyote ni sawa na kidole gumba changu. Nikapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Naogopa kesho atasukuma sahani tena. Lakini nimeshavichemsha vyote vitano na kuvifunga kwenye kitambaa. Swali ameliuliza mwenyewe, basi na jibu atalila mwenyewe.