Mgongo Usiolia

Mwanangu Khawla,

Pokea salamu za Majengo. Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Barua hii nimempa Aqsa akuletee Maskati, maana kwenye simu mdogo wako Zaki husikia kila neno.

Aliumia mgongo kwa kubeba marobota ya mtumba Eastleigh. Tulianza kwa daktari wa kunyoosha mgongo, yule mwenye cheti ukutani. Akamgonga magoti, akasema, "Mama, huyu simnyooshi. Apigwe picha kwanza." Hata mfupa mmoja haukulia ko! Tukatoka tukimcheka. Jirani Kavinya akaniuliza, "Sasa mgongo usipolia, Mama Khawla, umetibiwa nini?"

Basi nikampeleka kwa kijana wa Pipeline anayejirekodi kwa simu akinyoosha watu. Yeye hakuuliza kitu. Alisema tu, "Mama, mshike mabega." Nikamshika. Mgongo ukalia mara mbili, nami nikacheka kwa furaha.

Zaki hajasimama tangu siku hiyo. Hospitali wanasema mfupa ulikuwa na ufa, ukavunjikia pale. Miguu hairudi.

Yeye amewaambia watu robota lilimwangukia, ili nisilaumiwe. Nimenyamaza, mwanangu. Lakini jana Kavinya aliniomba namba ya yule kijana, mumewe anaumwa kiuno. Nikasema nitaitafuta.

Kesho nitamweleza Kavinya ukweli, mbele ya Zaki. Nimetaka wewe uusikie kutoka kwangu, si kwa majirani.

Ukiweza, nipigie hata kama umekasirika.

Mama yako,
Muhiba