Bembea ya Bi Vernell

Birmingham, Alabama
Agosti, Jumapili baada ya ibada

Kwako dada yangu mpenzi Earlene,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu huko Cleveland. Sisi hatujambo, ila joto linatukaanga. Nyumba yako ya huku ingali imesimama, lakini paa linavuja na majani yamefika dirishani. Jirani ameniuliza kama unafuga nyoka.

Sasa kaa kitako nikupe habari za binti yangu Shondra. Unakumbuka uliniambia kwenye simu kwamba mtoto anayeuza miwani dukani, asiye na hela ya matairi, hawezi kufanya biashara ya nyumba? Nami sijasahau.

Alimwendea Mzee Cleophus Hardnett, yule wa nyumba ya matofali iliyofungwa. Akamwambia wazi kuwa yeye hana fedha ya kuinunua. Atampa dola mia, na Mzee amwandikie mkataba kwamba mpaka mwisho wa Julai hakuna mwingine wa kuinunua ila yeye, kwa bei waliyopatana. Akishindwa, mia yake imekwenda. Akimpata mwenye fedha, atamuuzia hiyo haki yake, na tofauti ya bei ni yake. Mimi nilielewa upesi, maana ndivyo ninavyowekesha kofia zangu za Pasaka: natanguliza kidogo, kofia inabaki dukani, na hakuna mwanamke mwingine wa kuivaa.

Mnunuzi akapatikana, Bwana Castellaw, fundi anayekarabati nyumba na kuziuza. Kumbe shida ilitungoja kwa wakili. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake Cleophus, aliyekufa bila wosia, kwa hiyo ni ya watoto wake wote watano, na Cleophus ametia saini peke yake kama jogoo wa kijiji. Ndugu wengine wametawanyika mpaka Texas, na Julai inayoyoma. Shondra alikaa garini akasema basi, amekwisha. Nikamwambia afute machozi, maana Jumamosi ile akina Hardnett walikuwa na mkutano wao wa ukoo, na wote wangekuwa bustanini wamevaa fulana za zambarau.

Tulikwenda na pai yangu ya pichi na mama mmoja wa kanisani mwenye muhuri wa kuthibitisha saini. Kwenye mbavu za kuchoma watatu wakatia saini. Akabaki Bi Vernell, dada yao mkubwa. Alimtazama mwanangu juu mpaka chini, akauliza huyu kitoto asiye na hata ua wake anauzaje nyumba ya baba yake, na mfukoni mwake kitaingia nini. Shondra akajibu bila kupepesa: dola elfu nane. Hata waliokuwa wakicheza karata wakageuza vichwa. Ndipo Cleophus akamuuliza dada yake mara ya mwisho alifyeka lini majani ya uani kwa baba. Bi Vernell akamwambia anyamaze ale mbavu zake. Kisha akasema wanunuzi wamemsumbua miaka, na huyu ndiye wa kwanza kumtajia fungu lake mwenyewe. Angetia saini, ila bembea ya barazani aliyobembelezewa na mama yake haiuzwi. Castellaw alipopigiwa simu, alisema atamletea nyumbani kwake mwenyewe kwa gari lake. Na aliileta.

Hundi ya elfu nane ilitoka kabla ya Julai kwisha. Picha yake imepita kila benchi kanisani, na mchungaji ameiona mara mbili.

Sasa dada, niungame. Sikukuandikia kujisifu tu. Noti ya dola kumi iliyomo humu si ya soda. Karatasi iliyokunjwa nayo ni mkataba, na jina lililoandikwa hapo ni langu. Nataka haki ya kununua nyumba yako mpaka Krismasi, kwa bei ileile uliyoitaja mwenyewe ukilalamika kuwa hakuna mwendawazimu wa kuitoa. Castellaw ameshapanda paani. Mama alikuachia wewe peke yako kwa wosia, nimeshauliza, kwa hiyo saini yako yatosha. Na kabla hujauliza, mimi nitapata elfu tatu, wala sioni haya.

Ukitaka kitu chochote cha barazani, kiandike pembeni.

Wasalimu wote wa huko, na goti ulikande kwa maji moto. Shondra anakubusu.

Mdogo wako, mwenye biashara,
Ozella